Sumaku, Jua na Kikombe cha Profesa

Kabla hajaanza kazi ya kulifukuza jua, Mama Lifti alikuwa fundi wa lifti kwenye hospitali kubwa, na kazi yake ilieleweka. Mtu anabonyeza kitufe, anapanda. Asipopanda anatukana, na Mama Lifti anaitwa. Alikaa huko miaka kumi na tisa, bisibisi mfukoni na grisi kwenye kucha, akiwajua madaktari kwa viatu vyao, maana mara nyingi yeye alikuwa chini ya shimo na wao wakiwa juu. Hospitali ilipofunga lifti mpya zilizokuja na mafundi wake, alipewa cheti cha shukrani chenye jina lililokosewa. Akakikunja, akaenda kuomba kazi kwenye maabara moja ya fizikia iliyokuwa inamtaka mtu wa kuinua na kushusha kitu kizito, polepole, bila kukitikisa.

Kitu chenyewe kilikuwa sumaku. Si zile za kubandika karatasi kwenye friji. Hii ilikuwa bomba nene la urefu wa mita kumi, limepozwa kwa heliamu ya kimiminika, limelala juu ya jukwaa la chuma kama mzinga wa vita uliosahau adui yuko wapi. Mbele palikuwa na skrubu mbili ndefu za kuliinua, nyuma magurudumu juu ya reli iliyopinda. Jua likichomoza, jukwaa lilisogea pamoja nalo kwa saa moja na nusu. Likizama, vivyo hivyo. Mchana kutwa sumaku ilipumzika, kwa sababu haikuweza kuinua shingo hata nyuzi kumi bila kuhatarisha heliamu yake.

Na jengo zima halikuwa na dirisha.

"Sasa jua mnalionaje?" Mama Lifti aliuliza siku ya kwanza.

"Hatulioni," alijibu Profesa. "Tunalilenga."

Profesa ndiye aliyekuwa mkuu wa pale, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sweta moja lililotoboka viwiko vyote viwili kwa usawa, utafikiri alipima. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama, mikono ikipepea. Ndani kabisa ya jua, alisema, huenda kuna vijipande vinavyoitwa aksioni. Havina uzito wa kutaja, havishikiki, vinapita kwenye ukuta, mlima na tumbo la mtu bila kubisha hodi. Lakini vikipita ndani ya sumaku kali, kimoja katika mabilioni ya mabilioni huenda kikageuka mwale wa eksirei. Mwale huo utafika mwisho wa bomba na kugonga kinasa, kisanduku cha shaba kilichojengewa matofali ya risasi pande zote ili mionzi ya mitaani isiingie.

"Huenda," alisema Mama Lifti.

"Huenda."

"Na mpaka sasa mmeshaona vingapi?"

"Sifuri," alisema Profesa, kifua mbele. "Lakini sifuri yetu ni safi sana. Watu wanaisifu."

Mama Lifti aliondoka pale akijiuliza kama ameajiriwa au ametaniwa. Nyumbani, mama mkwe wake, mkunga mstaafu asiye na subira na wanawake wala wanaume, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikwenda kazini miaka thelathini, na kila niliporudi, duniani palikuwa na mtu mmoja zaidi. Wewe utarudi na nini?"

Mwaka wa nne ulifika, na jibu lilikuwa lile lile. Hata hivyo Mama Lifti aliipenda kazi. Alipenda skrubu zile zilizozunguka kimya, na jinsi tani zote zile zilivyosogea taratibu kuliko mshale wa saa. Alichokichukia ni kiti cha Profesa.

Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe zamani. Wakati wa kulenga jua watu wote walikaa chumba cha mitambo, nyuma ya ukuta, wakitazama skrini. Profesa alikataa katakata. Yeye alikiweka kiti chake kando ya kinasa, kwenye pengo ambapo matofali manne ya risasi yalikuwa yametolewa kupitisha bomba la pampu mpya, akakaa hapo na kikombe chake cha chai, magoti yakigusa risasi.

"Ukisogea utanigongea reli," Mama Lifti alimwambia mara mia.

"Sisogei. Siku aksioni ikija, isikute nyumba haina mtu."

Basi jukwaa lilikwenda taratibu, na Profesa akalifuata akiburuta kiti sentimita kwa sentimita, kama bibi anayefuata kivuli uani.

Hayo yalikuwa ya kawaida mpaka Jumatatu moja asubuhi, pale Binti Grafu alipotoka chumba cha mitambo mbio, kiatu kimoja mguuni. Binti Grafu alikuwa mchambuzi wa hesabu zote za maabara. Alichora grafu ya kila kitu, pamoja na ya mchumba wake kuchelewa miadi, ambayo ndiyo iliyovunja uchumba.

"Mama! Mama Lifti, njoo uone!"

Kwa kawaida, katika saa moja na nusu, kinasa kilipata eksirei kumi na mbili hivi. Kikitazama jua, kumi na mbili. Kikitazama ukuta, kumi na mbili. Hizo waliziita kelele, vumbi la mionzi lisilokosekana mahali popote. Asubuhi ile zilikuwa arobaini na moja. Sumaku ilipopumzishwa mchana, zikarudi kumi na mbili. Jioni, jua lilipozama, thelathini na tisa.

Profesa alitazama skrini, akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akatoka nje, akaenda kusimama kwenye maegesho ya magari akilitazama jua lenyewe linalozama, bila kinga yoyote, jambo ambalo kila siku alikuwa akiwakataza wageni.

Kwa wiki nzima maabara ilikuwa kama nyumba yenye harusi. Ilikuwa na sababu pia. Kulikuwa na kamati ambayo ingekuja wiki tatu baadaye kuamua hatima yao, na ilikuwa inajulikana wazi kwamba kamati inataka jengo lile liwe stoo ya viti vya mikutano. Sasa Profesa aliwaandikia barua fupi yenye alama tatu za mshangao, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata alipofunga ndoa.

Binti Grafu peke yake ndiye aliyeanza kununa. Jumatatu ya pili alimvuta Mama Lifti pembeni.

"Leo asubuhi zimekuwa ishirini na sita."

"Si bado ni nyingi?"

"Ni nyingi. Lakini zinashuka, mama. Kila siku kidogo kidogo. Ukitoa zile kumi na mbili za kelele, tumebaki na nusu ya wiki iliyopita." Aliuma kalamu. "Jua halipungui nusu kwa wiki moja. Tungekuwa tumeshaganda."

"Umemwambia Profesa?"

"Nimemwambia. Anasema labda jua linapumua." Akashusha sauti. "Na kuna Alhamisi. Alhamisi asubuhi zilikuwa kumi na mbili tu. Sumaku ililenga vizuri, kinasa kizima, kila kitu sawa. Jioni zikarudi. Mama, uliigusa skrubu Alhamisi?"

Mama Lifti alikasirika kidogo, maana skrubu zake hazijawahi kukosea. Alikwenda kufungua daftari lake la kazi. Alhamisi asubuhi aliandika: *Jukwaa limekwenda vizuri. Raha mustarehe. Hakuna mtu wa kugonga.* Alisoma mara mbili, akakumbuka kwamba Profesa asubuhi ile hakuwepo, alikuwa na kikao mahali. Hakuona maana yake. Alifunga daftari, akaenda kutia grisi.

Maana ilikuja kwa miguu yake yenyewe, Ijumaa ya wiki ya tatu saa tisa alasiri, imevaa kitenge kilichopigwa pasi vikali na mkoba mweusi kwapani. Ilikuwa ni mke wa Profesa. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alipoingia mlangoni Mama Lifti alijikuta anaficha chingamu.

"Habari za kazi," alisema yule mama. "Mume wangu yupo?"

"Amekwenda kuchapa karatasi za kamati, mama. Atarudi jua likikaribia kuzama."

"Vizuri. Sikumjia yeye." Akaweka mkoba juu ya meza. "Namtaka huyo Aksioni."

Mama Lifti alitazama sumaku, akamtazama mgeni.

"Samahani, mama?"

"Usinizuge, mwenzangu. Wiki tatu mwanamume amehama chumba. Analala kwenye kochi la chumba cha kusomea. Ana sahani yake, kijiko chake, kikombe chake, anaosha mwenyewe. Nguo zake anafua peke yake, mtu ambaye hajui sabuni inawekwa wapi! Mjukuu akija anamkimbia kama ana deni naye. Nikimkaribia anarudi nyuma. Namuuliza kulikoni, ananijibu, 'Kazi, mke wangu, aksioni zimenishika.' Usingizini ananong'ona, aksioni, aksioni." Akauvuta mkoba wake karibu. "Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Kama kuna mtu, nataka nimwone uso tu. Sitapigana."

Mama Lifti alitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamshika mkono, akamketisha, akamweleza aksioni ni nini, kadiri alivyoweza. Mwalimu mkuu alisikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza mwanafunzi akieleza kwa nini hakuleta daftari.

"Kwa hiyo amenihama kwa ajili ya kitu ambacho hakipo?"

"Huenda kipo," alisema Mama Lifti, na papo hapo akajisikia kama Profesa.

Lakini maneno yale hayakumtoka kichwani. Sahani yake. Kikombe chake. Anafua peke yake, anamkimbia mtoto. Aliyajua maneno hayo. Kule hospitalini, chini kabisa, kulikuwa na chumba chenye mlango mzito ambako wagonjwa wa tezi ya shingo walinyweshwa dawa yenye mionzi. Wakitoka walipewa karatasi ya masharti: ulale peke yako, uwe na vyombo vyako, ujitenge na watoto na wajawazito. Mama Lifti aliwahi kukwama na mgonjwa mmoja wa namna hiyo kwenye lifti kwa muda mrefu. Walipofunguliwa, nesi alimpitishia mgonjwa kidude kinacholia tik-tik-tik kabla hata ya kuwauliza kama ni wazima.

"Mama," alisema polepole, "shingoni, hapa, Profesa alikuwa na tatizo lolote?"

Mwalimu mkuu aliinua kichwa. "Alikuwa na kauvimbe. Aliniambia daktari amesema ni mafuta tu." Uso wake ukabadilika kabisa. "Kwa nini?"

"Nipe mpaka kesho," alisema Mama Lifti. "Nakuomba. Kesho nitakupigia simu."

Jumamosi jua lilichomoza, jukwaa likaanza kusogea, na Profesa akawa kwenye kiti chake kando ya lile pengo. Mama Lifti alikuwa amekitoa kipima mionzi cha mkononi kwenye droo ambamo kililala miaka mingi na betri zilizooza. Alikiwekea betri za rimoti. Akakiwasha akiwa mlangoni: tik. Kimya. Tik. Akatembea. Kadiri alivyokaribia kiti ndivyo kilivyochangamka, na alipokifikisha kwenye kola ya sweta kilikuwa kinalia kama mahindi ndani ya sufuria yenye mafuta ya moto.

Profesa hakugeuka. Alikitambua kwa sauti yake tu. Mikono yake ilikizunguka kikombe.

"Ni dawa ya shingo?" aliuliza Mama Lifti.

"Ni ya shingo."

"Lini?"

"Ijumaa. Siku tatu kabla ya ile Jumatatu. Ningewaambia, wangenipeleka likizo ya ugonjwa na kamati ingefunga duka siku hiyo hiyo. Na mke wangu, baba yake alifariki kwa ugonjwa wa koo. Nikaona heri ninyamaze mpaka ipone."

"Na hapa je? Umekaa magoti kwenye kinasa, Profesa! Wiki tatu!"

"Daktari alisema nikae mbali na watu," alisema Profesa kwa sauti ndogo. "Nikawaza, ni wapi pasipo na watu?"

Mama Lifti alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamtoka chote, mpaka akashikilia reli. Profesa alimtazama kwa uchungu, kisha mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai.

Alipoikausha, hakuwa anacheka tena. Alisimama wima.

"Hicho kidude chako si ushahidi wa kutosha," alisema. "Zima jukwaa. Elekeza sumaku ukutani, mbali na jua. Mimi nitakaa hapa hapa saa moja na nusu. Jioni utalilenga jua, na mimi nitakuwa nje."

"Lakini tumeshajua."

"Tunadhani. Tupime."

Mama Lifti aliwahi kumdharau kidogo mtu yule, kwa siri, kwa sababu ya kile kiti. Asubuhi ile dharau ilimtoka. Alimwona amekaa peke yake kwenye plastiki, mgongo umenyooka, akisubiri mashine imhakikishie kwamba ugunduzi wa maisha yake ulikuwa koo lake.

Sumaku ikitazama ukuta na Profesa kitini: kumi na saba, sawa kabisa na alivyotabiri Binti Grafu kwenye mstari wake unaoshuka. Jioni, sumaku ikitazama jua na Profesa amekaa kwenye maegesho: kumi na mbili.

Binti Grafu aliitazama namba ile akaanza kulia. "Nilishamwambia kila mtu," alisema. "Hata yule mchumba nilimpigia."

Kule nje mwalimu mkuu alikuwa amefika, maana Mama Lifti alimpigia simu kama alivyoahidi. Kupitia mlango uliokuwa wazi walimwona amesimama hatua tatu mbele ya mumewe. Maneno hayakusikika. Alimfokea kwa kidole muda mrefu, Profesa akiinamisha kichwa. Kisha alitaka kumkumbatia, Profesa akarudi nyuma akinyoosha mikono kumzuia, na mwanamke akasimama pale pale, akafunika uso kwa mtandio, na mumewe akabaki anasema kitu fulani kile kile, tena na tena, kutoka hatua tatu.

Jumatatu kamati ilikuja, watu sita, wakiongozwa na mama mmoja mkavu aliyebeba futi ya kupimia, bila shaka kwa ajili ya stoo. Profesa aliwasimamisha mbele ya ubao. Hakuzungusha.

"Waheshimiwa, niliwaandikia kwamba tumegundua kitu. Ni kweli. Tumegundua mimi."

Akawaeleza yote, dawa, kiti, matofali manne, pamoja na kikombe. Mjumbe mmoja alianza kukohoa kikohozi cha uongo. Wa pili akaficha uso kwenye faili. Muda si mrefu kamati nzima ilikuwa inavunjika mbavu, isipokuwa mwenyekiti, aliyekuwa anaisoma grafu ya Binti Grafu kwa makini.

"Nani aliyeona kwamba inashuka?" aliuliza.

"Mimi," alisema Binti Grafu.

"Na nani aliyejua ni yeye?"

Wote walimtazama Mama Lifti. "Mimi ni fundi tu," alisema. "Nilifanya kazi hospitali."

"Hm," alisema mwenyekiti. Akaandika kitu. "Nimekaa kwenye kamati nyingi. Watu huja kunionyesha walichokipata. Ni mara ya kwanza mtu ananionyesha jinsi alivyokipoteza." Aliikunja futi yake. "Msimu mmoja zaidi. Pengo lile lizibwe leo. Na wewe," akamwelekea Profesa, "nyumbani. Mpaka daktari aseme."

Profesa alifungua mdomo kupinga. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma bila mwaliko, alikohoa mara moja. Profesa alifunga mdomo.

Mama Lifti alipanga matofali manne kwa mikono yake, kila moja zito kama mtoto aliyelala. Kwa majuma mengi yeye na Binti Grafu waliendesha maabara wawili tu. Hesabu zile za wiki tatu walizitupa zote. Zilizofuata zilikuwa kumi na mbili, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili. Ilikuwa sifuri safi kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na Binti Grafu aliiandikia karatasi ya kurasa tisa.

Profesa aliporuhusiwa kurudi, uvimbe umenywea na sweta limetiwa viraka, alikuja na mkewe, aliyesema anataka kuona kwa macho yake kinachofanyika humo ndani. Walimkalisha chumba cha mitambo, mbele ya skrini, pamoja nao. Jua lilikuwa linashuka huko nje, mahali ambapo hakuna aliyeliona. Jukwaa lilisogea. Dakika kumi zilipita bila kitu. Mwalimu mkuu alitoa kazi za kusahihisha, akazirudisha mkobani bila kuzigusa.

Ghafla nukta moja nyekundu ikawaka.

"Hiyo!" Aliruka, akamshika mumewe mkono. "Hiyo hapo! Mmeiona?"

"Hiyo huenda ni kelele tu, mama," alisema Binti Grafu.

"Mmejuaje?"

Binti Grafu alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Mama Lifti, naye alikuwa ameweka jicho kwenye namba za skrubu zake.

"Hatujui," alisema Mama Lifti. "Ndiyo maana tunahesabu."

Mwalimu mkuu alilitafakari jibu hilo. Kisha alisogeza kiti chake karibu zaidi na skrini, bila kuuachia mkono wa mumewe, akauliza zimebaki dakika ngapi.